Kicheko cha Sara: Sifa za Ufundi wa Kusoma kwa Sauti Nyumbani

Ufundi unaosahaulika upesi kuliko mwingine wote ni ule usioacha chombo nyuma yake. Seremala akifa hubaki randa, mchonga mitumbwi akifa hubaki tezo, na msusi wa mikeka huacha ukili ambao haujashonwa, ukashuhudia kwamba palikuwa na mtu aliyejua kazi. Lakini msomaji wa nyumbani, yaani yule aliyekaa karibu na taa ya chemli baada ya chakula cha usiku akawasomea wenziwe kitabu kwa sauti, haachi kitu ila kitabu chenyewe, ambacho mtu yeyote anaweza kukinunua dukani. Kwa hiyo watu hudhani kwamba madhali kitabu kipo, ufundi nao upo. Katika vijiji vya kandokando ya Mto Tana, kuanzia Garsen na Ngao hadi mto unapotawanyika deltani, dhana hiyo imekuwa na hasara kubwa kuliko inavyokiriwa.

Vitabu viingiavyo nyumbani huko si vingi, na vingi kati ya hivyo vichache ni vya aina tatu: cha kuchekesha, cha kumwandaa mama anayetarajia mtoto, na cha dini. Madukani huwekwa mbalimbali kana kwamba havijuani, ilhali kwa msomaji wa nyumbani vilikuwa kazi moja, kwa sababu hakuna hata kimoja kilichoandikwa ili mtu ajifungie nacho peke yake. Mzaha usiosikiwa na mtu wa pili si mzaha. Onyo kuhusu hatari za mimba lisilofika masikioni mwa mume na mavyaa, yaani mama wa mume, halina nguvu hata likipigiwa mstari mara tatu. Na Maandiko yalisomwa kwa sauti mbele ya watu karne nyingi kabla mtu wa kawaida hajaweza kumiliki nakala yake. Jina lenyewe la Qur'ani lina maana ya kisomo, yaani kinachosomwa kikasikika.

Ufundi huo una sehemu zake. Kuna pumzi, ambayo msomaji huipanga kabla hajafika penye sentensi ndefu. Kuna mahadhi, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakomjulisha msikilizaji ni nani anayesema. Na kuna kituo, ule ukimya mfupi ambao mwenye haraka huuruka na fundi huuacha ufanye kazi yake. Kwa nyumba za Wapokomo, wakulima wa kandokando ya mto huo, kuna sehemu ya nne, nayo ni kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kumwamsha aliyesinzia. Kipokomo ni mojawapo ya lugha za Sabaki, jina ambalo wanaisimu wamelipa kundi lenye Kiswahili, Kimijikenda, Kikomoro na Kiilwana ndani yake, na kwa sababu hiyo msomaji aliyeshika Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, kila alipoona uso wa nyanya umekunjamana kwa neno lisilomfikia, aliweza kulitia neno la Kipokomo mahali pake na kuendelea, kwa kuwa maneno hayo mawili yalikuwa ndugu na hayakuhitaji mkalimani. Kipokomo nacho kilikwisha kuandikwa zamani: Wamishonari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika Ngao mwaka 1887, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akajifunza lugha hiyo, akaandika sarufi yake na kuanza kutafsiri Maandiko. Waliomfundisha, hata hivyo, ni watu wa mtoni kwa masikio na vinywa vyao, na hao hawakuwekwa jina juu ya jalada.

Mahali pa kuupima ufundi huu ni sura ya 18 ya Kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu ameketi mbele ya hema yake katika jua kali, anainua macho na kuwaona watu watatu, anapiga mbio kuwalaki, anamhimiza mkewe akande unga, anakimbilia zizini na kuchagua ndama aliye laini, kisha anawaandalia wageni pamoja na siagi na maziwa, naye mwenyewe anasimama chini ya mti wakila. Msomaji wa mjini huipita aya hiyo kama utangulizi tu, akitafuta muujiza. Lakini katika nchi ya Garsen, ambako Wapokomo wanalima kandokando ya mto na Waorma wanafuga ng'ombe katika nyika inayouzunguka, wakiteremsha mifugo majini kwa njia zinazoitwa malka, hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya mzee kukimbia juani au uzito wa kumchinjia ndama mgeni usiyemjua. Msomaji fundi aliijua thamani ya aya hiyo na hakuiharakisha. Aliwaacha wageni wale mpaka washibe.

Baada ya hapo huja habari yenyewe. Mgeni anasema kwamba Sara atazaa mtoto wa kiume, na Sara, mwenye umri wa miaka karibu 90, anayasikia hayo akiwa mlangoni nyuma ya mumewe wa karibu miaka 100, naye anacheka moyoni kwa kujikumbuka alivyochakaa na kumkumbuka mzee wake. Anaulizwa, kupitia kwa mumewe, kwa nini amecheka. Kwa kuogopa anakana. Anajibiwa kwa maneno machache kwamba sivyo, amecheka, na mazungumzo yanakwishia hapo hapo. Asiyejua kusoma huyatoa maneno hayo ya mwisho kwa ukali kama hakimu anayemtia mtu hatiani. Anayejua huishusha sauti kwenye kukana kwake Sara mpaka ifanane na sauti ya bibi aliyekutwa akilamba sukari, huweka kituo, kisha hulisoma jibu polepole, bila hasira, kama mtu anayemjua huyo bibi tangu zamani. Nyumba nzima hucheka, na hapo ndipo wasikilizaji hutambua kwamba wamesomewa utani.

Utani, yaani uhusiano unaowaruhusu watu fulani kuchokozana bila kuudhiana, ni mojawapo ya nguzo za ukoo katika Afrika Mashariki, na mahali pake pa kwanza ni baina ya nyanya au babu na wajukuu, wanaoitana mume na mke na kuoneana wivu ambao haupo. Vitabu vya vichekesho vya familia vinavyouzwa siku hizi huupa mzaha kazi ya kupitisha wakati. Utani ulikuwa na kazi nzito zaidi, kwani uliwawezesha wazee kuyataja mbele ya vijana mambo yasiyotajika: uzee, utasa, kitanda cha ndoa, hofu ya kuzaa. Kicheko cha Sara kinayagusa yote hayo kwa mara moja, na mtoto wake aliitwa Isaka, jina ambalo kwa Kiebrania humaanisha kwamba anacheka. Mama mjamzito aliyeketi mkekani miguu ameinyoosha, akiogopa lisilosemwa, alisikia katika kisa hicho kwamba hofu na kicheko vyaweza kukaa katika kifua kimoja, na kwamba kuogopa kwake si aibu. Hakuna aliyemhutubia. Alisomewa tu.

Kisa hicho si mali ya upande mmoja. Surat Hud inawataja wageni wa Ibrahimu, ndama aliyechomwa na mke aliyesimama akacheka, ila humo kicheko kinatangulia na habari ya mtoto inafuata, jambo ambalo wafasiri wa Qur'ani wamelijadili kwa muda mrefu. Kwa hiyo nyumba ya Kiislamu ya Kiorma na nyumba ya Kikristo ya Kipokomo zilikuwa na bibi mmoja aliyecheka nyuma ya mume mmoja. Mapigano ya Delta ya Tana kati ya Wapokomo na Waorma, ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013, yaliyoua watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto, hayakutokea kwa kukosa vitabu. Kisa cha mwenyeji aliyewakimbilia wageni kilikuwemo katika vyote viwili, kimefunikwa majalada.

Historia ya Kiswahili cha Maandiko nayo imefungamana na kitanda cha uzazi kuliko inavyokumbukwa. Mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, kitabu alichoanza kukitafsiri mwaka huo huo kilikuwa Mwanzo, na sura zake za awali zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Lakini Julai 1844 mkewe Rosine alifariki siku chache baada ya kujifungua, na mtoto wao wa kike akamfuata mamaye. Kaburi lao liko ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kitabu kinachosimulia kuzaliwa kwa Isaka kilianza kuingia katika Kiswahili, basi, ndani ya nyumba iliyompoteza mama na kichanga kwa pamoja, na msomaji anayelijua hilo hawezi kukipitia kicheko cha Sara mbiombio. Huko Unguja, mmishonari Edward Steere, ambaye kazi yake ilichangia Biblia kamili ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1891, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi za Kiswahili, mkiwemo kisa cha mwalimu Goso aliyeuawa na buyu lililoanguka mtini na wanafunzi wake waliokwenda kumtafuta mwenye hatia kuanzia upepo hadi paa. Aliyetaka kuyatafsiri Maandiko aliona kwamba ni lazima kwanza ayasikilize yanayowachekesha watu.

Kaskazini ya Tana, katika visiwa vya Lamu, Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na ndani yake, baada ya kumcha Mungu, alimfundisha kumtunza mume kama atunzwavyo mtoto asiyejua kusema. Utenzi ni shairi refu la masimulizi au mawaidha linalosomwa kwa mahadhi, na kwa miaka mingi wanawake waliujua huo kwa masikio kabla ya macho. Dini, nyumba na mzaha mpole vilikaa katika kitabu kimoja kidogo, na hakuna aliyeona ajabu.

Kitabu cha mimba kinachopatikana Garsen leo ni kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotolewa kliniki, ambacho mama hukitia katika mfuko wa plastiki kisilowe na kukipeleka kila anapokwenda kupimwa. Ni kitabu chema. Kinataja dalili za hatari ambazo kila mtu wa nyumbani angepaswa kuzijua: kutokwa na damu, kuumwa sana na kichwa, kuvimba uso na mikono, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Kiswahili kimelichagua neno hilo kwa hekima, kwa kuwa mtoto aliye tumboni husemwa anacheza, naye Luka, katika sura yake ya kwanza, anasimulia jinsi mtoto wa Elisabeti alivyoruka tumboni Mariamu alipoingia na kusalimu. Msomaji aliyeweza kuvisoma vitabu hivyo viwili usiku mmoja, cha Luka kwanza na cha kliniki baadaye, alimwachia mavyaa swali dogo la kumuuliza mkaza mwanawe kila asubuhi bila kumtisha: je, mtoto amecheza? Kijitabu kisichosomewa mtu hubaki rekodi ya uzito na tarehe, inayofunguliwa na muuguzi na kufungwa na muuguzi.

Aliyeondoka ni huyo wa kuvisoma. Kila mtu sasa ana kioo chake mkononi, na mzaha unaofika kwa simu humchekesha mmoja pembeni huku wenzake wakimwangalia; Biblia na Qur'ani zimo katika simu hiyo hiyo, kwa sauti ya mtu asiyejulikana, ambaye hawezi kuona kwamba nyanya amekunja uso wala kwamba mjamzito ameacha kusikiliza. Mafuriko ya Tana yamebeba vitabu vingi pamoja na nyumba zilizovihifadhi, na vitabu hivyo vimenunuliwa tena. Sauti zilizochukuliwa na uzembe hazijarudishwa.

Mto huu umekwisha kuzoea kuona vitu vyake vikihifadhiwa vizuri mahali ambapo havitumiki. Ngadji, ngoma kubwa iliyoheshimiwa na Wapokomo, ilitwaliwa na maafisa wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imo London, katika British Museum, haijaliwa na mchwa na haipigwi. Mwaka 1963, tume iliyoutunga wimbo wa taifa la Kenya ilichukua mahadhi ya bembelezi ya Wapokomo, yaani wimbo wa kumlaza mtoto, ikayapatia maneno ya dua na bendi ya shaba. Ilikuwa heshima kubwa, na hakuna anayeikataa. Lakini mahadhi yaliyotungwa ili mtoto alale mapajani sasa humtaka asimame wima, mikono ameibana ubavuni, katika viwanja vya shule za Garsen kama kwingineko, na wengi wanaoyaimba hawajapata kulazwa kwayo. Jioni watoto hao hurudi nyumbani. Kabatini mna Biblia au msahafu, mkobani mwa mama mna kijitabu cha kliniki, simuni mna vichekesho vya siku hiyo, na taa inazimwa bila mtu kusoma neno.