Bati la Mita 3 na Kichujio cha Milisekunde 6.4

Mashine ya kukunja mabati haina haraka. Ikitoa mita 12 kwa dakika, anayetembea kwa miguu anaiacha nyuma. Lakini bati la mita 3 likitoka refu kupita kipimo, hulaumiwa kisu kwanza, kisha enkoda. Ukurasa wa mipangilio ya PLC, kompyuta inayoiendesha mashine, haushukiwi na mtu.

Tupige hesabu. Gurudumu linaloviringika juu ya bati lina mzingo wa milimita 200, na enkoda yake hutoa mapigo 1,000 kila mzunguko. Kila pigo ni milimita 0.2, na kwa mwendo huo yanaingia mapigo 1,000 kwa sekunde. Programu inayojirudia kila milisekunde 10 inapitwa na tisa katika kila kumi, ikibahatika kuliona hilo moja. Ndiyo maana ipo kaunta ya kasi: inahesabu yenyewe ndani ya maunzi, bila kuingoja programu.

Kwenye PLC ya Siemens S7-1200 ya aina ya 1214C kaunta hizo ni sita, na zote huja zikiwa zimezimwa. Maingizo I0.0 hadi I0.5 hupokea hadi kHz 100. Fundi anaiwasha kaunta ya kwanza, HSC1, anaunganisha nyaya, gurudumu linazunguka, na ID1000, anwani inayosomwa hesabu yake, inabaki sifuri.

Enkoda ni nzima. Tatizo ni kichujio cha ingizo, ambacho kiwandani huwekwa milisekunde 6.4: ishara isiyodumu muda huo hutupwa, kwa hiyo kikomo halisi ni kama Hz 78. Pigo letu hudumu nusu milisekunde tu.

Hapo wengi hukimbilia thamani ndogo kuliko zote, mikrosekunde 0.1. Ni kuruka majivu na kukanyaga moto, kwa sababu kelele za inverta ya mota nazo sasa zinahesabiwa, na bati linatoka fupi. Milisekunde 0.1 inatosha: inapitisha hadi kHz 5, mara tano ya mahitaji. Kebo ya enkoda nayo iwe na ngao, ipite mbali na ya mota.

Enkoda ya njia mbili, A na B, hufaa zaidi, maana bati likitikisika kisu kinaposhuka, hesabu inarudi nyuma badala ya kujiongeza. Ila ukichagua hali ya mara nne, mita 3 ni hesabu 60,000, si 15,000. Anayesahau atapata vipande vya sentimita 75.

Amri ya kukata nayo isingoje zamu ya programu, kwani milisekunde 10 ni milimita 2 za bati. Hesabu ikifikia lengo, kaunta iite katizo, na tokeo liandikwe papo hapo kwa kuongeza :P kwenye anwani yake.

Umeme ukikatika, kaunta haikumbuki kitu. PLC ikiwaka tena huanza na thamani ya mwanzo, kwa kawaida sifuri, na kipande kilichobaki chini ya kisu hupimwa kwa futi kamba.