Kuku, Vifaranga na Bunduki: Ishara na Mgogoro katika Fumbo la Mekatilili

Kisa chenyewe ni kifupi, nacho chajulikana sana katika nchi ya Wagiriama, tangu Malindi na kingo za mto Sabaki hadi Kaloleni. Mwaka 1913 Arthur Champion, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyewekwa kuwasimamia Wagiriama, aliitisha baraza ili apatiwe vijana wa kwenda kufanya kazi. Mekatilili wa Menza akaja barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia ofisa achukue kifaranga kimoja. Champion aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Hapo Mekatilili akatamka maana: hayo ndiyo yatakayompata akijaribu kumchukua kijana mmoja wa Wagiriama. Masimulizi mengi huongeza kwamba Champion alishikwa na hasira, akatoa bunduki, akampiga kuku yule risasi.

Kama kila neno la kisa hiki lilitendeka hivyo hivyo, ni swali la mwanahistoria. Mhakiki wa fasihi simulizi ana swali jingine: fumbo hili limeundwaje, linasema nini, na, zaidi ya yote, linaishia wapi? Swali hili la mwisho si dogo. Wako wasimuliaji wanaokikomesha kisa pale kuku anapodonoa, hadhira ikacheka na kushangilia. Wako wanaofika mpaka mlio wa bunduki. Kwa kawaida tofauti hii huchukuliwa kuwa ya urefu tu, kana kwamba msimuliaji wa kwanza amefupisha na wa pili amerefusha. Ukweli ni kwamba hizo ni kazi mbili zenye dhamira zisizolingana, na anayefundisha ile ya kwanza anafundisha jambo ambalo ile ya pili inalikanusha.

Kwanza yafaa kuiweka wazi aina ya utungo huu. Si ngano, kwa kuwa kuku hasemi wala hafanyi lolote lisilo la kawaida ya kuku. Si methali, ingawa methali zimeuzunguka pande zote. Ni fumbo la kutendwa: kitu halisi kinawekwa chini mbele ya watu, mtu anaalikwa kukigusa, na maana inazaliwa katika tendo lenyewe. Ustadi wake mkubwa umo katika namna linavyomtumia msikilizaji. Katika fumbo la kusimuliwa, msikilizaji hukaa pembeni na kuamua. Nabii Nathani alipomsimulia mfalme Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee, Daudi alisikiliza kama hakimu, akatoa hukumu, kisha ndipo alipoambiwa kuwa mtu huyo ni yeye. Mekatilili hakumwachia Champion kiti cha hakimu hata kwa dakika moja. Alimfanya mhusika tangu mwanzo. Mkono uliotaka vijana ndio mkono uliotakiwa ushike kifaranga, na ofisa, kwa kukubali tu kuunyosha, alikuwa amekwisha kuigiza sera ya serikali yake mbele ya wale walioipinga.

Kuhusu kuku mwenyewe, wafasiri wengi husema kwamba ni ishara ya mama, wakaridhika. Ni kweli, lakini haitoshi. Fanani wa fumbo hili alizaliwa akaitwa Mnyazi. Jina la Mekatilili lina maana ya mama wa Katilili, kwa desturi ya Wagiriama ya kumwita mzazi kwa jina la mwanawe. Kwa hiyo mtu aliyekuja na kuku barazani alikuwa akiitwa kila siku kwa uzazi wake. Masimulizi ya maisha yake yanaongeza kwamba kaka yake mmoja alichukuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, wala hakurudi. Anayelijua hilo hawezi kulichukulia neno la kuchukuliwa kwa kijana kuwa tamathali tu. Alikuwa pia mwanamke mjane katika jamii ambamo usemi wa hadharani ulikuwa wa wazee wa kambi. Asingetazamiwa kuja na hoja za kiserikali. Alikuja na kitu cha uani, kitu ambacho hakuna mzee ambaye angeweza kusema kwamba mwanamke hana idhini ya kukizungumza.

Udhaifu wa ishara hii ni sehemu ya nguvu yake. Fanani angeweza kumtaja simba au nyati, wanyama ambao ushairi wa kujigamba huwapenda. Alichagua ndege anayechinjwa akija mgeni. Katika lugha za pwani kuku ni kiumbe wa hali ya chini: kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini ndiye huyo huyo ambaye teke lake halimuumizi mwanawe, na ndiye aliyewekewa sheria katika methali isemayo kwamba kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Methali hii ya mwisho ni ufunguo wa kisa kizima. Inaeleza adabu ambayo mtoto wa pwani hufunzwa mapema: hata mwenye haki ya kumfukuza kuku shambani mwake hujizuia aonapo ana vifaranga nyuma. Mekatilili hakumleta kuku mtupu, alimleta kuku mwenye watoto. Alimweka Champion mbele ya sheria ambayo kila aliyehudhuria aliijua, akamtazama atakavyofanya.

Kuna jambo la kuangaliwa zaidi, nalo ni yule asiyekuwapo. Mahali pengi Afrika ya Mashariki husimuliwa ngano ya kuku na mwewe. Kuku aliazima wembe (wengine husema sindano) kwa mwewe, akaupoteza. Tangu siku hiyo kuku anachakura ardhi akiutafuta, na mwewe anachukua vifaranga kuwa malipo. Ngano hiyo inahalalisha unyang'anyi kwa kuuita deni. Mwewe si mwizi, ni mdai. Sasa tazama fumbo la Mekatilili: vifaranga wapo, kuku yupo, mkono unaoshuka kutoka juu upo, ila wembe haupo. Hakuna kilichoazimwa. Ni vigumu kudhani kwamba hadhira iliyolelewa katika ngano za namna hiyo haikuona pengo hilo. Na ndipo fumbo lilipogusa hoja yenyewe ya wakoloni, kwa sababu serikali ilisema sana juu ya deni. Ilidai kodi ya vibanda, ikidai kwamba Wagiriama wawiwa kwa ajili ya amani na utawala bora. Ilidai nguvu kazi ya mashamba ya wazungu pwani na ya kazi za serikali. Ikataka pia Wagiriama waliolima kaskazini ya Sabaki, katika ardhi yenye rutuba ambako mahindi yao yaliuzwa kwa njia ya Malindi, wahame warudi kusini. Kila dai lilikuja katika umbo la wajibu. Fumbo likauliza kwa kitendo: wembe wa nani uliopotea?

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kulisifu fumbo kwa lisilolisema. Vifaranga wake ni wa aina moja, wote wako nyuma ya mama mmoja, wote ni wadogo na hawana sauti. Wagiriama wa mwaka 1913 hawakuwa hivyo. Vijana waliogombewa walikuwa wakulima na wachuuzi wenye nia zao. Palikuwa na wazee wa kaya waliokuwa wakipoteza mamlaka yao, na palikuwa na wakuu waliowekwa na serikali ili wakusanye kodi na kutafuta wafanyakazi miongoni mwa watu wao wenyewe. Mgogoro mkali haukuwa wa kuku na mkono tu, ulikuwamo ndani ya kiota. Mekatilili alilijua hilo kuliko wafasiri wake. Kama angeamini kwamba Wagiriama ni kundi moja la vifaranga, asingekuwa na haja ya kuzunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya msiba, ili kuwakusanya watu. Wala pasingehitajika kiapo Kaya Fungo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, cha kuwafunga wasishirikiane na serikali. Mtu hali kiapo juu ya jambo ambalo wote wamekwisha kukubaliana. Ndiyo kusema fumbo la kuku halikueleza umoja uliokuwapo, lilikuwa likiudai. Mwenye kulisoma kama picha ya hali halisi analipotezea nusu ya kazi yake, maana maneno yale yalielekezwa kwa Champion, lakini macho ya msemaji bila shaka yaliwapitia pia wakuu waliokaa karibu naye.

Hapa ndipo panapotokea swali la bunduki. Wanaokikata kisa katika kudonoa wanafanya hivyo kwa nia njema: wanataka watoto wa shule wamwone mama wa Kiafrika akimshinda mzungu. Lakini ushindi huo ni wa mzaha. Ofisa ameumia kidole, watu wamecheka, na fumbo limekuwa kichekesho cha mjanja na mjinga, aina ile ile ya sungura na fisi. Kisa kikikoma hapo, funzo lake ni kwamba ukali wa mama unatosha. Historia haikubali funzo hilo hata kidogo. Tarehe 17 Oktoba 1913 Mekatilili alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishwa mbali, magharibi ya Kenya. Walitoroka mwanzoni mwa 1914 wakarudi pwani, safari ya mamia ya maili kwa miguu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na mwezi huo huo vita vya Wagiriama vikaanza. Mekatilili alikamatwa tena, na hakuwa huru mpaka 1919. Anayemfundisha mwanafunzi kudonoa bila risasi anampa kuku asiyekufa, kisha anashindwa kumweleza kaya iliyobomolewa.

Kwa upande mwingine, mwisho wenye bunduki umefasiriwa vibaya pia. Husemwa kwamba Champion alimpiga kuku risasi kwa sababu hakuelewa: mgeni, hajui lugha ya mafumbo, akajibu kishenzi. Tafsiri hii inamwonea huruma asiyestahili. Champion alikuwa mtu aliyechunguza mila za Wagiriama kwa bidii. Maandishi yake juu yao yalichapwa London mwaka 1967. Zaidi ya hayo, kisa chenyewe kinaikataa. Asiyeelewa fumbo hucheka, au huuliza, au huondoka. Mtu hampigi risasi kuku wa kawaida kwa kosa la kudonoa. Kuku wa kawaida hufukuzwa kwa mguu. Anayepigwa risasi ni kuku aliyekwisha kuwa kitu kingine. Champion wa kisa hiki ameingia ndani ya fumbo kwa ukamilifu, amekubali kwamba kuku ni Wagiriama, na anajibu kwa lugha hiyo hiyo ya vitendo. Risasi yake ni ubeti wa pili wa majibizano.

Ikisomwa hivyo, sura ya mgogoro inabadilika. Serikali ilikuja barazani ikiwa na maneno: kazi, ujira, kodi, sheria. Iliondoka ikiwa imevunja hadharani, mbele ya wanawake na watoto, adabu iliyomo katika methali ya kuku mwenye watoto. Yeyote aliyekuwa bado anaamini kwamba vijana waliombwa kwa sababu ya deni fulani aliona sasa kwamba nyuma ya deni kuna bunduki, na kwamba bunduki hiyo ilikuwapo tangu mkono uliponyoshwa. Fanani hakushinda kwa kumwumiza mpinzani wake. Alimlazimisha aseme alichokuwa akikificha. Mafanikio haya ni ya kisanaa, nayo yalinunuliwa kwa damu ya kuku. Masimulizi yanayoihifadhi damu hiyo yanaijua gharama.

Pengine pana kishawishi cha kwenda mbali zaidi na kudai kwamba kifo cha kuku ni kafara, kwa kuwa kuku ana nafasi yake katika matambiko na uganga wa Mijikenda. Dai hilo halina mizizi katika kisa. Kafara huchinjwa na mwenyewe, kwa maneno na kwa makusudi. Kuku huyu aliuawa na mgeni aliyeghadhibika. Kumgeuza kafara ni kumpokonya Champion tendo lake na kulifanya la Wagiriama, na kwa njia hiyo kuituliza hasira ambayo fumbo limeiacha wazi.

Linalobaki bila jibu ni vifaranga. Ni jambo la kustaajabisha kwamba masimulizi yanayofahamika sana yanamfuata kuku, mkono na bunduki kwa makini, lakini hayasemi kama vifaranga walitawanyika, walikamatwa, au walibaki wakilia kando ya mama yao. Kwa fumbo ambalo hoja yake nzima ni vijana, ukimya huu ni mzito. Huenda wasimuliaji wameona kwamba jibu linajulikana na kila ukoo, kwa kuwa vita vya 1914 na uchukuzi wa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Afrika ya Mashariki viliwapata watu wa pwani hii majumbani mwao. Huenda pia kila msimuliaji huliacha pengo hilo ili hadhira yake ijitazame humo. Malindi leo ina bustani yenye jina la Mekatilili, na misitu ya kaya za Mijikenda imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2008. Kisa kinaendelea kusimuliwa na kuigizwa. Mkusanyaji atakayekwenda Ganze, Bamba au Kaloleni na kinasa sauti angefanya vyema asikizime pale watu wanapocheka kwa sababu kuku amedonoa, bali angoje, kisha aulize vifaranga walikwenda wapi.