Mahali pa Kutua Mzigo

Bunda la nguo lililotoka pwani kwenda Unyamwezi katikati ya karne ya 19 lilikuwa kazi ya fundi kabla halijawa mzigo wa mtu. Merikani, kaniki na vitambi vilikunjwa, vikaviringishwa, vikapigwa na kukanyagwa hata vikawa kitu kimoja kigumu, chenye urefu wa kama futi 5, kisha vikakazwa kwa kamba ya makumbi. Juu ya hapo vilifungwa vijiti viwili vitatu kwa urefu, ncha zake zikitokeza upande mmoja. Vijiti hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Mpagazi akitaka kupumua hakulazimika kubwaga bunda chini. Alilisimamisha kwa ncha zile, akaliegemeza kwenye shina la mti, likakaa mbali na unyevu na mchwa. Na wakati wa kuondoka aliingiza bega tu akaenda. Kuinua frasila 2 kutoka ardhini, yaani kama kilo 32, humaliza nguvu. Aliyeligundua hilo kwanza hakuandikwa popote, lakini kila mtumba uliopita Ugogo ulikuwa na alama ya akili yake.

Mnyamwezi alibeba begani, tofauti na watu wa pwani waliopenda kichwani. Juu ya frasila zile aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, kibuyu, silaha, posho ya siku kadhaa. Ushanga ulitiwa katika mifuko mirefu myembamba iliyolala vizuri begani. Masango, yale mapindo ya waya wa shaba, yaliningʼinizwa kwenye mti, wakati mwingine yakabebwa mzegazega na watu wawili. Nyaya zilichukiwa, kwa kuwa zinacheza na kumchubua mtu. Pembe za ndovu, kinyume chake, ziligombewa, ingawa ndizo zilizokuwa nzito zaidi. Aliyepewa pembe kubwa alikuwa mtu wa kutazamwa, na nchani alifunga kengele ya ngʼombe ili kila hatua yake isikike. Watoto wa Unyamwezi walianza na vijipembe vidogo, wakazoeza bega mapema. Kijana ambaye hajaiona pwani alikuwa bado hajamaliza kukua.

Mbele ya wote alikwenda kirangozi. Wageni walimcheka kwa mavazi yake, ngozi ya mbega na manyoya ya ndege kichwani, na bendera nyekundu iliyochanika kwa miiba. Nadhani walicheka haraka mno. Mtu anayefuatwa na mstari wa mamia ya watu waliojitwisha, katika kichaka ambacho mwenzako hupotea hatua ishirini mbele, sharti aonekane. Njia zikigawanyika, aliziba ile isiyofaa kwa tawi la mti au aliichora mstari kwa mguu, na wa nyuma kabisa, aliyefika baada ya muda mrefu, akajua pa kupita bila kuuliza. Hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyethubutu alichomolewa mshale katika podo lake, akaukomboa jioni kambini kwa faini. Kirangozi ndiye aliyejua lini msafara usimame kabla ya jua la saa sita, na lini uondoke tena alasiri, ulale njiani pasipo maji ili asubuhi uyafikie. Katika Mgunda Mkali, ile nyika kavu kati ya Ugogo na Unyanyembe, hesabu hiyo ikikosewa watu walikufa.

Safari ya namna hiyo inahitaji mwisho unaostahili. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, katika Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Wakapokewa na Snay bin Amir.

Miaka mitano tu kabla ya hapo, kwa maelezo aliyoandika Burton, Kazeh palikuwa pori. Mnamo 1852 Snay, Mwarabu wa kabila la Harthi, pamoja na Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi aliyekuwa ameijua Unyamwezi tangu miaka ya 1820, walijenga nyumba hapo, wakachimba visima, na watu wakaanza kukaa. Snay alianza maisha akitengeneza vitu vitamu huko Maskat. Maskat ni mji wa halua, nami siwezi kumfikiria kijana huyo bila mwiko mkononi. Halua haitaki mtu mwenye haraka: ukiacha kukoroga kidogo tu inashika chini, na sufuria zima limeharibika. Miaka 16 baadaye alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa bara, na ule ustahimilivu hakuuacha Maskat.

Kwanza alijua kuchagua mahali. Yeye mwenyewe alikuwa ametembea hadi Karagwe, na hata kwa Kabaka Suuna wa Buganda, kwa hiyo hakuitazama Unyanyembe kama mtu aliyechoka aliyetamani kulala. Hapo ndipo njia zilipoachana: moja magharibi kwenda Ujiji, moja kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, moja kusini-magharibi kuelekea Ufipa. Ardhi ni tambarare, mpunga unakubali, maji hayako mbali na uso wa nchi. Kisha akajenga tembe, nyumba pana za udongo zenye dari bapa, ua katikati, na baraza mbele. Kwenye baraza ndiko habari zilikopokelewa kabla ya mizigo. Nyuma, katika vyumba vyenye giza na ukavu, ndiko mabunda yalikokaa.

Msomaji wa leo anaweza kudhani kazi ya mwenyeji ilikuwa kugawa wali. Alimpa Burton mbuzi na mchele, ndiyo, tena kwa mkono mkunjufu, na Burton, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu watu, alimsifu kwa usomaji, kwa kumbukumbu na kwa lugha. Lakini ugumu wenyewe ulikuwa kwingine. Wapagazi wa Kinyamwezi wakifika Unyanyembe wamefika kwao. Walitua, wakalipwa, na kesho yake hawaonekani. Wakati huo ni Novemba, mvua zinaanza, jembe linamwita kila mtu shambani. Hapo mgeni mwenye mabunda mia anabaki amekaa juu yake. Mwenyeji hodari alijua kijiji gani kimemaliza kupanda, mzee gani wa kuongea naye, bei gani itakubalika bila kuharibu bei ya atakayefuata. Alikagua kila mtumba, akafungua uliolegea, akaufunga upya. Aliandika barua kwenda Ujiji na pwani. Burton alifika mwanzoni mwa Novemba na hakutoka hadi Desemba. Bila Snay sijui kama angetoka.

Tena kulikuwa na elimu. Wamisionari wa pwani walikuwa wamechora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, limelala kama mnyama asiye na miguu. Barazani kwa Snay wageni walielezwa kwamba hapana ziwa moja: kuna Nyasa kusini, kuna la Ujiji magharibi, na kuna la Ukerewe kaskazini, ambalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Speke aliifuata habari hiyo mwaka 1858, akaliona ziwa mwezi Agosti, akalipa jina la malkia wake. Ulaya ilibishana miaka mingi nani amegundua nini.

Simwiti Snay mtu mwema tu, kwa sababu hakuwa hivyo tu. Mali yake ilikuwa pembe na watu. Katika tembe zilezile zilizopokea wageni kwa ukarimu kulikuwa na watumwa, na baadhi ya waliopita njia ile hawakupewa nafasi ya kuchagua mzigo wala ya kurudi kwao. Ukiusifu ustadi wa mwasisi, hilo nalo ulitaje. Tena ardhi hakuwa nayo. Nchi ilikuwa ya mtemi wa Unyanyembe, Fundikira, ambaye aliwahi kuwa mpagazi mwenyewe: alikuwa safarini kuelekea pwani, mzigo begani, habari za kifo cha baba yake zilipomfikia. Akautua, akajiandaa kurudi kutawala. Wenzake hawakumwacha hivihivi. Walimtania kwa ukali, nusu mzaha nusu kweli, kwamba leo bado ni mwenzao, kesho atawatoza faini na kuwachapa. Sijui kiti cha enzi kingine ambacho kiliwahi kupata onyo la wazi namna hiyo kutoka kwa watu waliojua uzito wa frasila 2.

Fundikira alipofariki, mrithi wake Mnywa Sere alitaka bidhaa za Waarabu zilipiwe kodi, nao wakamwondoa na kumweka Mkasiwa. Vita vikafuata, njia zikazibwa, na mwaka 1861 Snay aliuawa vitani. Musa Mzuri naye alifariki mwaka huohuo. Jina la Kazeh likafifia, la Tabora likabaki, na misafara ikaendelea kutua palepale.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikajengwa kwa sehemu kubwa na mabega yaleyale ya Kinyamwezi, nayo ikaondoa upagazi wa njia ndefu kwa muda mfupi kuliko miaka ambayo mtu alihitaji kuujifunza. Mwaka 1914 ilifika Kigoma, jirani ya Ujiji. Wahandisi walipotaka tawi la kwenda Ziwa Victoria, walilianzisha Tabora, na treni ya Mwanza ikaanza kupita mwaka 1928. Walikuwa na darubini, ramani na hesabu zao, wakagawanya njia pale alipochimba kisima Snay bin Amir.