Sikio la Stanley Ellis

Ng'ombe wa Lancashire alilala shippon. Ukivuka milima kuingia Yorkshire ya magharibi, alilala mistal. Ukipanda kaskazini kuelekea Uskoti, byre. Zizi ni lile lile, ila kila bonde la Uingereza lilikuwa na Kiingereza chake, na palikuwa na watu waliojua kukisikiliza.

Kati ya 1950 na 1961, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds alituma wahoji kwenye maeneo 313, vijijini hasa, wakakae na wazee waliozaliwa na kukulia hapo hapo. Maswali yalizidi 1,300, na ufundi wote ulikuwa kwenye kuuliza: neno linalotafutwa halitajwi kamwe. Mzee anaulizwa wanyama wa maziwa hufungwa wapi, kisha mhoji ananyamaza. Likimtoka, kalamu inaandika sauti kama ilivyotamkwa, irabu ikivutwa ivutwe, bila kusahihisha chochote. Bila kusahihisha! Walimu wetu wangapi wamemvumilia hivyo mtoto wa Pemba au wa Lamu?

Stanley Ellis, mzaliwa wa Bradford, alikuwa hodari wa wahoji hao. Mwaka 1979 polisi waliokuwa wakimsaka muuaji wa wanawake huko Yorkshire walimpa kanda ya mtu aliyejidai ndiye. Ellis alisikiliza, akasikiliza tena, akataja mtaa: Castletown, mjini Sunderland. Halafu yeye na mwenzake, Jack Windsor Lewis, wakatahadharisha kwamba huyu huenda ni mzushi tu. Polisi walilichukua la kwanza, la pili wakalipuuza. Asiyekuwa na lafudhi ya Sunderland akaachiwa. Wanawake watatu zaidi waliuawa. Muuaji alinaswa Januari 1981, naye alikuwa mkazi wa Bradford. Mwenye kanda alipatikana 2005, akiishi Sunderland, si mbali na Castletown.

Sikio la namna hiyo halipatikani kwa haraka, na sisi leo tuna haraka. Lafudhi tunaijali pale tu tunapotaka kumcheka mwenzetu. Zipo hata programu za kompyuta zinazoifuta lafudhi ya mhudumu wa simu papo hapo, mteja asijue anaongea na mtu wa wapi.

Wazee wa Orton wote wamekwisha kufa. Sauti za baadhi yao zimehifadhiwa. Wewe ambaye bibi yako bado anasema Kimakunduchi au Kiamu, mrekodi mwaka huu, wala usimsahihishe.