Kosa, Hitilafu au Dalili? Misimbo ya Majokofu na Mtumiaji wa Bodo

Wafasiri wa maelezo ya mitambo wamezoea kukiita "kosa" kila kitu ambacho jokofu hukiarifu kwa namba, kwa herufi au kwa kumeta kwa taa. Mazoea hayo yamepokewa pasipo kuhojiwa, na ubaya wake hudhihirika pale ambapo samaki wa mtu hutegemea tafsiri. Bodo, kijiji cha wavuvi kusini ya Msambweni, chatosha kuwa mfano.

Ichukuliwe kompresa ya Danfoss BD35F, ambayo baadaye imetolewa kwa jina la Secop. Hutumia umeme wa betri wa volti 12 au 24, nayo imetiwa katika majokofu mengi ya nguvu za jua na ya vyombo vya baharini. Kidhibiti chake kikiungwa na taa ndogo, hunena kwa kumeta: mara 1, volteji haitoshi, mara 2, feni yavuta umeme kupita kiasi, mara 3, mota imeshindwa kuanza, mara 4, mota haifikii kasi yake ya chini kabisa, mara 5, kidhibiti chenyewe kimepata joto mno.

Mfasiri anayeandika kwamba mmeto mmoja ni "kosa la betri" hupotosha mara mbili. Jokofu limejizima kusudi ili betri isikaushwe. Hapana kosa lililotendeka. Tena, betri huenda ikawa nzima kabisa. Waya ukiwa mrefu na mwembamba, au ncha zake zikiliwa na chumvi ya bahari, volteji hupungua njiani wakati kompresa inapoanza, nacho kidhibiti hupima kinachokifikia, si kilichomo betrini. Mvuvi aliyeambiwa "kosa la betri" atanunua betri mpya, na changu na tafi wake wataoza vile vile. Mmeto wa tano nao waweza kutokea katika jokofu lililojengewa kabatini bila nafasi ya hewa, hali kila kiungo chake ni kizima.

"Hitilafu" ni afadhali, ila bado hudai kwamba kuna kibovu. Ama "kodi", ambayo wengine huipendelea badala ya "msimbo", haifai hata kidogo: asomaye "kodi ya makosa" atauliza alipe wapi.

Neno linalostahili ni "dalili". Itapingwa kwamba Waswahili wenyewe wameiita malaria "homa", wakachanganya dalili na ugonjwa. Ni kweli, na ndiyo sababu zahanati hupima damu kabla ya kutoa dawa. Maelezo ya jokofu nayo yaandikwe kwa utaratibu huo: "Taa ikimeta mara 1, umeme unaofika ni mdogo. Tazama kwanza waya na ncha zake, kisha betri." Sentensi hizo mbili hazina istilahi ngeni hata moja, na mfasiri aliyeziandika atakuwa amelazimika kwanza kuujua mtambo wenyewe.