Sauti Katika Picha

Picha ni bubu. Mpiga picha aweza kuchukua uso, vazi na kivuli, lakini hana chombo cha kuchukua wimbo. Kwa sababu hiyo, apigaye picha za wanamuziki hukabiliwa na swali lisilompata apigaye picha za maarusi: aonyeshe nini mahali pa sauti? Herman Leonard, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1923 na kufariki mwaka 2010, alilijibu swali hilo kwa njia mbili, na majibu yake hayana uzito mmoja.

Leonard alijifunza kazi kwa Yousuf Karsh wa Ottawa, Kanada, bingwa wa kupiga picha za watu mashuhuri. Kwa Karsh nuru haikuachwa ijiendee. Ilipangwa kama seremala apangavyo mbao zake. Mwaka 1948 Leonard alifungua studio mjini New York, na nyakati za usiku aliupeleka ustadi huo wa chumbani katika vilabu vya jazi. Picha yake ya Dexter Gordon, iliyopigwa mwaka huo katika kilabu cha Royal Roost, ndiyo mfano ujulikanao zaidi. Gordon ameketi na saksafoni yake, sigara i mkononi, na moshi umepanda juu yake kama wingu lililotiwa nuru.

Uzuri wa picha hii hauna shaka, lakini mtu aliyemo hapigi muziki. Moshi ndio uliopewa kazi ya wimbo. Muziki wa bibopu uliopigwa na akina Gordon ulikuwa kazi ya akili na vidole, wenye mwendo wa kasi na hesabu ngumu. Picha imeufanya uonekane starehe tupu. Mtazamaji huondoka akiukumbuka moshi kuliko mtu. Hapo pambo limemshinda mpambwa.

William Gottlieb, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Down Beat, alishika njia nyingine. Mapema mwaka 1947 alimpiga picha Billie Holiday akiimba katika kilabu kimoja cha New York. Kichwa kimeinuliwa, macho yanakaribia kufumba, kinywa ki wazi. Mtazamaji hasikii neno, lakini aona juhudi ya sauti ikitoka kooni. Hapa sauti haikutafutiwa naibu. Imeonekana katika mwili wenyewe wa mwimbaji.

Je, Leonard ameshindwa? La, maana jibu lake la pili ni bora kuliko la kwanza. Mwezi wa Mei 1947 Holiday alikamatwa kwa ajili ya madawa ya kulevya, akafungwa, akatoka Machi 1948. Kwa kanuni za New York za siku zile, msanii asiyekuwa na kadi ya ruhusa ya polisi hakuweza kufanya kazi katika kilabu kiuzacho pombe, na Holiday alinyimwa kadi hiyo. Mwaka 1949 Leonard alimpiga picha nyumbani. Holiday yuko jikoni, amefunga aproni, anampikia mbwa wake nyama.

Picha hiyo haina jukwaa wala moshi wa sigara. Haitaji gereza wala polisi. Walakini ajuaye habari zake hawezi kuitazama asiwaze kwamba sauti iliyotafutwa na maelfu ilikuwa imefungiwa milango ya vilabu katika mji ule ule. Leonard hakujaribu kuionyesha sauti. Alionyesha mwanamke mwenye sauti, na kimya cha picha kikawa na maana.

Aghalabu picha ya jukwaani husifiwa kuwa ndiyo kweli, na ya nyumbani hudhaniwa kuwa masalio. Kazi ya Leonard yapinga hukumu hiyo. Jukwaa laweza kumficha msanii nyuma ya taa zake, na jiko laweza kumdhihirisha. Holiday alifariki mwaka 1959, mwenye umri wa miaka 44, kadi yake hajarudishiwa. Wapigao picha za wanamuziki watafanya vema kuwafuata mpaka pale wasipoimba, na kuuliza sababu ya kunyamaza kwao.