Juu ya Karatasi Moja ya Kufundisha Kilimo

Nimesoma karatasi ya kurasa nne iliyoandikwa ili kuwafundisha wakulima kuchimba makinga maji yaitwayo fanya juu. Kiswahili chake ni safi, na picha zake zapendeza. Lakini mimi niliisoma nikiwa na jembe mkononi, katika mteremko wa upande wa Makanya, nayo ikaniacha njiani.

Jina lenyewe lafundisha kuliko kurasa zote nne. Maneno hayo mawili, ambayo Wakamba wa Kenya wanayajua sana, yamwambia mtu atupe udongo upande wa juu wa mtaro. Mvua inyeshapo, tuta lazuia maji na udongo, na baada ya miaka kadhaa shamba lalala kama ngazi.

Karatasi yataka mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina kama hicho. Vema; hata asiye na rula aweza kukatiwa fimbo ya kupimia. Kisha yaagiza tufuate kontua, basi. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyo Kontua akaa kijiji gani?" Tulicheka sana, walakini swali lake lilikuwa la haki.

Tukatazama picha, tukatengeneza chombo kama tulivyokiona: fito mbili zimefungwa pamoja juu, ufito wa tatu umepita kati mfano wa herufi A, na kamba yenye jiwe yaning'inia kutoka kileleni. Alama ya usawa tuliitia kwa kukisia. Mvua za masika zilipokuja, maji yalikusanyika mahali pamoja, yakabomoa tuta, yakashuka na kuchukua maharagwe ya mama mjane aliye chini yetu. Aliyekwenda kumwomba radhi ni mimi.

Na neno lililokosekana ni dogo! Simamisha chombo, utie alama pale kamba igusapo ufito wa kati. Kisha kigeuze, kila mguu ukae mahali pa mwenzake, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa.

Nadhani mwandishi aijua kazi hii mno, hata hakumbuki kwamba yeye naye alifundishwa kugeuza miguu ile. Wazee wetu Wapare walipochimba mifereji ya kuleta maji katika ndiva, kijana alimfuata mzee, na alipokosea alishikwa mkono palepale. Karatasi haiwezi kumshika mtu mkono; kwa hiyo imempasa mwandishi ampe mtu asiyejua kazi aisome na kuchimba mbele yake, naye mwenyewe anyamaze aone atakwama wapi.

Kurasa mbili nzima zaeleza faida za fanya juu, jambo ambalo mkulima wa Same, aonaye udongo wake ukienda kila mwaka, hahitaji kushawishiwa. Moja ingetosha. Katika nakala ya shule yetu nimekwisha kuandika habari ya kugeuza miguu kwa kalamu, pembeni mwa picha.